Msitu wa Serikali na Msitu wa Kijiji

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Zuzu, Dodoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya hifadhi ya misitu. Mtu anayekuja Zuzu kuzungumzia misitu hana budi kujieleza kwanza, maana nchi ya Ugogo haikupata kusifika kwa misitu. Ni nchi ya mibuyu, migunga na vichaka vya miiba. Ni nchi ambayo mvua yake katika miaka mingi haifiki milimita 600, nayo huja baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nadhani ni halali kuzungumza habari hizi hapa. Penye miti mingi, mti mmoja ukikatwa pengo lake halionekani. Hapa kwetu huonekana, na baada ya masika mawili korongo huanza mahali pale pale.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo. Katikati ya bonde la mto Kongo, katika nchi mbili zinazoitwa kwa jina hilo, kuna msitu uliosimama juu ya maji. Chini ya maji yale mna udongo mweusi uliofanyika kwa majani, mizizi na magogo ambayo hayakuoza sawasawa, kwa kuwa hewa haipenyi kwenye tope lililojaa maji. Mabaki hayo yamerundikana kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2017 wataalamu wa Kongo na wa Uingereza, baada ya kupita humo kwa miguu na kupima kina cha udongo kwa fimbo ndefu, walitangaza kwamba eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 145,000, na kwamba limehifadhi kaboni kiasi cha tani bilioni 30. Duniani kote udongo wa namna hii haufunika hata sehemu 4 kwa mia za nchi kavu, lakini kaboni iliyomo yapita ile ya miti ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa pamoja.

Udongo huo una tabia moja ambayo kila mwalimu wa sayansi ataielewa mara moja. Maadamu umelowa, umelala. Ukichimbiwa mifereji maji yakatoka, huanza kuoza, na ukishika moto huwaka chini kwa chini kwa wiki na miezi, wala ndoo za maji hazisaidii kitu. Mwishoni mwa mwaka 1995 Rais Suharto wa Indonesia aliamuru hekta milioni 1 za ardhi ya namna hiyo huko Kalimantan zifanywe mashamba ya mpunga. Mashine zilipelekwa, ikachimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita, wakaletwa wakulima kutoka visiwa vingine. Wenyeji, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakivua samaki na kugema mpira humo, hawakuulizwa. Mwaka 1997 ardhi ile iliyokaushwa ikawaka, moshi ukavuka bahari hadi nchi za jirani, na mpunga wa maana haukupatikana. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuiziba tena mifereji ile, na wanaoombwa kuiziba na kuilinda ni wanavijiji wale wale ambao hawakuulizwa ilipochimbwa.

Nimeyataja mambo haya kwa sababu yanafanana mno na yetu, ingawa kwetu hakuna tope, kuna vumbi. Nani miongoni mwenu hajapata kusikia habari za karanga za Kongwa? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilileta matrekta na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ikaanza kung'oa vichaka vya Kongwa, kilomita chache tu kutoka hapa kwa hesabu ya nchi kubwa kama yetu. Kilichokuwa kimezishinda hesabu za London kilijulikana na kila mzee wa Kigogo: kwamba mvua ya huku haina ahadi, na kwamba udongo ule ukikauka huwa mgumu kama sakafu, karanga haing'oki. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kula paundi milioni zipatazo 36. Mibuyu iliwasumbua sana wenye matrekta, na mimi hupenda kufikiri kwamba mibuyu ilikuwa na maoni yake.

Wakoloni hao hao walikuwa na upande wa pili, wa hifadhi. Walipoona ardhi ya milimani inaliwa na maji, waliamuru matuta. Huko Uluguru mwaka 1955 watu walikataa matuta hayo, zikazuka ghasia, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukafutwa. Matuta yenyewe kama elimu hayakuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika bakora iliyokuja nayo, na katika mwanakijiji kufanywa kibarua wa kulinda mali ambayo hakuambiwa kuwa ni yake. Chama kilichozaliwa Julai 7, 1954 kilipata wafuasi wengi vijijini kwa sababu kilisema waziwazi juu ya bakora ile. Jambo hili twapaswa kulikumbuka kila tunapoandika amri.

Je, baada ya Uhuru tuliikumbuka? Jibu la haki ni: mara nyingine. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Milima ya Kondoa ilikuwa imechanwa na makorongo ambayo nyumba nzima ingeweza kuzama ndani. Miaka ya kwanza zilichimbwa kingamaji kwa mashine na kupandwa miti, lakini ng'ombe na mbuzi waliendelea kula kila kilichochipua. Ndipo mwaka 1979 ilipoamriwa mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama wapatao 90,000, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, waliondolewa. Mwaka 1986 amri ya namna hiyo ilifika na Mvumi, kusini mashariki mwa hapa.

Aliyekwenda Kondoa miaka kumi baadaye hakuweza kubisha alichokiona. Majani yalikuwa yamerudi, miti ilikuwa imechipua yenyewe kutoka kwenye visiki vya zamani, na makorongo mengi yalikuwa yametulia na kuota nyasi. Nasema hivyo kwa sababu wako watu wa siku hizi wanaodharau kila kilichofanywa kwa amri. Ardhi ya Kondoa ilipona, na iliponywa kwa amri. Lakini hesabu haiishii hapo. Wanyama wale 90,000 hawakupotea hewani. Walikwenda kwa ndugu na marafiki mabondeni na katika wilaya nyingine, wakaanza kula huko. Mama aliyezoea kumpa mtoto maziwa ya nyumbani aliyakosa, mpaka ulipoanza utaratibu wa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani. Na fedha za wafadhili zilipokoma katika miaka ya 1990, swali likawa: nani atauzuia mlima sasa? Mlinzi wa mradi alikwenda na mradi wake. Mifugo ikaanza kurudi pole pole, usiku kwanza, kisha mchana.

Swali hilo, ndugu zangu, lilijibiwa mahali pengine, na si mbali. Katika wilaya ya Babati kuna safu ya vilima vya miombo iitwayo Duru-Haitemba, hekta zipatazo 9,000, masalio ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kupima mipaka ili msitu huo utangazwe kuwa hifadhi ya serikali. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yalikuwa kwamba watu waliharakisha kukata. Ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba kesho shamba lake litachukuliwa. Leo atavuna hata mabichi. Walinzi wachache wa serikali, kila mmoja na eneo asiloweza kulizunguka hata kwa wiki, hawakuweza kitu.

Mwaka 1994 yalifanyika mazungumzo mapya. Maafisa misitu wa wilaya, kwa moyo ambao nausifu kwa sababu mtu hapendi kupunguza madaraka yake, waliviambia vijiji vinane vilivyouzunguka msitu: basi tuambieni ninyi mtaulinda vipi. Vijiji hivyo ni Ayasanda, Endanachan, Endagwe, Gidas, Bubu, Hoshan, Duru na Riroda. Vikagawana msitu, kila kijiji na upande wake. Kila kijiji kilikaa kikaamua sehemu gani ifungwe kabisa ipate kupona, wapi kuni kavu zichukuliwe bure, wapi ng'ombe waingie wakati wa kiangazi, na wapi ining'inizwe mizinga ya nyuki. Mkaa ulipigwa marufuku. Vijana wa kijiji wakachaguliwa na kijiji kuwa walinzi. Badala ya mshahara walisamehewa kazi nyingine za pamoja. Kisha maamuzi hayo yakaandikwa yakawa sheria ndogo, yakapelekwa katika Halmashauri ya Wilaya, yakapitishwa kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982.

Angalieni vizuri lililotokea. Msitu ule haukuongezewa askari wala gari. Waliokuwa wakiingia usiku kukata walikuwa ni watu wa vijiji vile vile, na kijiji kiliwajua kwa majina. Mlinzi wa serikali akimkuta mtu na shoka humwuliza jina. Mlinzi wa kijiji humwuliza kwa nini amefanya hivyo hali mkutanoni aliinua mkono kukubali. Vile vile aliyekatazwa na serikali husema "nimeonewa", lakini aliyetozwa faini na kijiji chake huona haya, na haya ni nguvu ambayo hatujaiwekea bajeti katika wizara yoyote. Ukataji ulipungua, na msitu ukaanza kufunga tena. Serikali ikaacha mpango wa kuutwaa.

Muda mfupi baadaye vijiji vitano vya Mgori, mkoani Singida, vilifanya hivyo kwa msitu wa hekta zipatazo 40,000. Huko Kiteto, Sunya, Lengatei na Dongo waliunganisha herufi za majina yao wakauita msitu wao Suledo. Mwaka 2002 walipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize. Mwaka huo huo tuzo hiyo ilikwenda pia Shinyanga, kwa mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986, ambao haukuleta elimu mpya sana. Ulirudi kwenye ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa masika ili yafae kiangazi. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilihesabiwa kuwa hekta 600 tu. Zilipopimwa tena baada ya miaka kumi na mitano hivi, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sijui mradi wa serikali uliowahi kupanda miti kiasi hicho. Wala hii haikupandwa, iliachwa imee.

Sheria nayo ikafuata nyuma, kama kawaida yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitungwa mwaka 1999, na Sheria ya Misitu mwaka 2002. Kwa sheria hizi kijiji chaweza kutenga msitu ulio katika ardhi yake, kikauandikia mpango wa matumizi, kikaunda kamati ya maliasili, kikatoza faini na ada. Karibu nusu ya misitu yote ya Tanzania imo katika ardhi ya vijiji. Ni ajabu kidogo kwamba mwaka huo huo wa 2002 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilitunga sheria inayoruhusu jamii kupewa msitu, na kanuni ya mwaka 2014 ikaweka kikomo cha hekta 50,000 kwa jamii moja. Kumbe wavuvi wa kwenye tope la Kongo na wafuga nyuki wa Babati walikuwa wakingojea karatasi ya aina moja. Lakini karatasi haitoshi: Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu vya kutafutia mafuta, na baadhi yake viliangukia katika ardhi ile yenye tope, ambako watu wanaishi.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba kijiji ni malaika. Kijiji kina mwenyekiti, na mwenyekiti ana shemeji mwenye lori. Pahala pengi kamati ya maliasili imegeuka duka la vibali, na hati ya faini haionekani katika kitabu chochote. Pahala pengine sheria ndogo iliandikwa na wanaume ambao hawajapata kubeba kuni kichwani hata siku moja, wakapiga marufuku kuokota kuni kavu. Sheria hiyo huvunjwa kila asubuhi na mama zao. Na mpaka usiopimwa ni hatari kuliko msitu usiotengwa. Kiteto hiyo hiyo niliyoisifu, vijiji kadhaa vilitenga eneo la hifadhi liitwalo Emboley Murtangos, wakulima na wafugaji wasikubaliane juu yake, kesi zikaenda mahakamani miaka mingi, na Januari 2014 watu waliuawa. Aliyesema kwamba hifadhi ya pamoja ni jambo laini hajakaa katika mkutano wa kijiji.

Sasa turudi nyumbani. Zuzu leo ni kata ya Jiji la Dodoma. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulikaa miaka mingi ukitembea polepole, lakini tangu mwaka 2016 umekimbia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Jiji hili watu zaidi ya 760,000. Wizara zimekuja, nyumba zimejengwa, na nyuma ya kila nyumba kuna jiko. Tukisema ukweli, watumishi waliohamia Dodoma hawakuja na faili zao tu. Walikuja na hamu ya maharage yaliyoiva. Kwa tanuri la udongo, tani moja ya mkaa hula tani 5 hadi 10 za kuni. Gunia linalosimamishwa kando ya barabara halisemi lilitoka Chemba, Bahi, Chamwino au ng'ambo ya Manyoni, wala anayelinunua haulizi.

Kwa hiyo sisi tulio mjini tuko upande wa pili wa jambo hili. Kijiji kinaweza kukaa usiku kucha kikatunga sheria ndogo nzuri, kikachagua walinzi hodari, na bado bei ya mkaa ya Dodoma ikamshinda mlinzi mwenye watoto watano. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu wengi kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 watu 80 kwa kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo zuri. Lakini mwalimu mkuu mwenye wanafunzi mia sita na jiko la mafiga hawezi kupikia lengo. Mpaka jiko la gesi lifike na fedha ya kulijaza ipatikane, shule itanunua kuni, na kama ni hivyo, inunue kuni ambazo kijiji fulani kimekubali kuziuza na kimepata fedha yake. Vinginevyo tunawafundisha watoto darasani wimbo wa kutunza miti, na saa sita tunawalisha uji uliopikwa kwa miti iliyoibwa.

Nanyi ndugu watumishi wa halmashauri mnisamehe nikiwagusa. Sheria ndogo ya kijiji haiwi sheria mpaka ipite kwenu. Kila mwandishi aliyezunguka wilaya za nyanda hizi za kati amekutana na wazee waliotunga sheria yao, wakaipigia muhuri, wakaipeleka wilayani, kisha wakangoja masika moja, mawili, matatu. Katika kungoja huko mlinzi akimkamata mtu na magunia, mahakama humwachia, kwa kuwa hakuna sheria aliyoivunja. Mlinzi aliyeaibishwa hivyo mara mbili hatoki tena kwake usiku, na ni vigumu kumlaumu. Msitu huo kwa kweli unakatwa kwenye kabati la ofisi, na aliyeushika funguo hajui kwamba ameshika shoka.

Hapo ndipo nionapo kazi ya watu kama ninyi, mliosoma na mnaolipwa na umma. Kijiji hakihitaji mhadhara juu ya faida za miti; mzee wa Kigogo aliyeona njaa anazijua kuliko mimi. Kinahitaji mtu wa kukaa nacho aandike vizuri kile kilichoamuliwa, mpaka uelezwe kwa kijito na kwa mbuyu unaojulikana, faini itajwe kwa tarakimu, kuni kavu ziruhusiwe waziwazi, na muhtasari usomwe tena mbele ya mkutano mkuu kabla haujatiwa sahihi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kazi hiyo kwa Jumamosi mbili. Afisa wa wilaya anaweza kufuatilia faili lile mpaka lifike mbele ya baraza. Hakuna wafadhili wanaotakiwa kwa hayo.

Kwa upande wa shule zilizowakilishwa hapa, nimekubaliana na Ndugu Mwenyekiti kwamba tuanze na hesabu. Kila mwalimu wa hesabu apime pamoja na wanafunzi wake kuni zinazoingia jikoni kwao kwa muhula mmoja, aandike zilitoka kijiji gani, nani alizikata, na kibali kilitolewa na nani. Pasipojulikana aache nafasi wazi. Karatasi hizo zikusanywe hapa Zuzu kabla ya mvua za Desemba, ndipo tujue vijiji gani tuvifuate kwanza, na nafasi wazi ni ngapi.